Kamanda Aliyefunga Mlango

Kipaza sauti bado kiko mkononi mwa Agnella. Tangu wiki iliyopita, msomaji, nimemwacha binti wa watu kasimama juani katikati ya uwanja wa shule, kata ya Lumemo, nusu ya Ifakara ikimtumbulia macho. Tumpunguzie mateso.

"Sema, binti, usiogope," Fulgensi alimhimiza, mikono kaifungua kama padri anayebariki. "Waambie watu nani alikutoa kwenye domo la maharamia!"

Vigelegele. Makofi. Vijana kumi waliovaa fulana mpya zilizoandikwa WALINZI WA MELI walipiga miguu chini mpaka vumbi likatimka. Sherehe ilikuwa yao. Siku hiyo Kamanda Fulgensi alikuwa anawaaga wazazi, awachukue vijana hadi Dar es Salaam, na kutoka huko waingie baharini kulinda meli za mizigo zisitekwe. Kijana aliyepiga miguu kwa nguvu kuliko wote alikuwa Evod, mdogo wake Agnella, tumbo moja.

Agnella alimpima Fulgensi kuanzia kofia hadi viatu. Sare nyeupe iliyoshonwa na fundi wa sokoni. Mabega yenye nyota ambazo hakuna jeshi lingekubali kuzilipia. Kifuani medali tatu zinang'aa, na moja, ukiisogelea, ilikuwa ya mashindano ya kwaya.

Kamanda! Kamanda wa jeshi gani? Hakuna aliyewahi kuuliza. Watu walikuwa wanasubiri pilau.

"Nina swali moja tu kwa Kamanda," Agnella alisema, na sauti yake ikazunguka uwanja mzima. "Siku ile ulipofunga mlango wa chuma, Masanja alikuwa upande gani?"

Makofi yalikatika kama redio iliyoishiwa betri.

Kwa anayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Agnella ni mzaliwa wa Idete, na ni afisa wa tatu wa meli. Amesomea, ana vyeti, ameshika zamu ya usukani kwenye meli ya ngano iitwayo Orlena. Masanja, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma wa hukohuko Idete, alikuwa fundi wa injini kwenye meli hiyohiyo, na Agnella ndiye aliyemtafutia kazi. Fulgensi aliletwa na kampuni ya ulinzi kuwa mkuu wa walinzi wenye bunduki. Watu watatu wa bonde moja kukutana katikati ya maji! Walikumbatiana kama ndugu.

Kisha mwaka jana, mbali kidogo na pwani ya Somalia, maharamia wakaja. Agnella alipandishwa meli nyingine na kuchelewa kurudi. Fulgensi aliwahi kufika nyumbani, na anayewahi kufika ndiye anayesimulia.

"Masanja?" Fulgensi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kujipaka. "Ndugu zangu, sikutaka kulirudia hili mbele ya mama yake. Lakini nimelazimishwa. Masanja ndiye aliyewateremshia maharamia ngazi!"

Uwanja uliguna. Vichwa viligeuka kwa pamoja kuelekea nyuma, alikokaa Mama Masanja na viti vitupu kila upande, maana hakuna aliyetaka kuonekana karibu na mama wa msaliti. Yule mama hakuinua uso.

Agnella alihisi kitu kichungu. Haikuwa hasira. Hasira unampa mtu mwenye kimo chako. Hii ilikuwa ni dharau tupu, dharau ya kumwona mende juu ya meza ya chakula.

"Maharamia walikuja na ngazi yao, Fulgensi," alisema. "Nyepesi, ina ndoano juu. Wewe huwezi kuijua, kwa sababu hukukaa ukaiona."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Nisikilizeni. Chini ya meli kuna chumba cha chuma, mabaharia tunakiita sitadeli. Maharamia wakizidi nguvu, injini inazimwa, wote tunaingia humo, mlango unafungwa kwa ndani. Mwizi anabaki na meli isiyokwenda popote. Manowari ikifika, askari wanapanda bila woga, kwa sababu hakuna wa kumwekea kisu shingoni. Ila sharti wote muwe ndani. Wote! Mmoja akibaki nje, huyo ndiye shingo."

Hata mgeni rasmi, aliyekuwa anasinzia, alifumbua macho.

"Tuliona boti mbili za kasi asubuhi. Nahodha akaipinda meli kulia na kushoto, tukafungulia mabomba ya maji pande zote. Walinzi watatu walikuwa kwenye nafasi zao, wanasubiri mkuu wao atoe amri ya risasi za onyo. Mkuu wao hakuonekana. Mkuu wao alikuwa ameshateremka ngazi kwenda sitadeli, mbele ya mpishi."

Kicheko kililipuka upande wa wanawake.

"Maharamia wakapanda, sote tukakimbilia humo, Masanja akiwa bado anazima injini. Ndiyo kazi aliyopewa. Akaja mbio, akakuta mlango umefungwa. Akagonga. Akaniita kwa jina langu. Niliposhika komeo nimfungulie, huyu hapa alinielekezea bunduki kifuani." Agnella alimnyooshea Fulgensi kidole. "Siku ile nzima, mimi ndiye mtu pekee aliyethubutu kumwelekezea bunduki."

Bibi mmoja alijishika kichwa.

"Manowari ilipotokea, maharamia wakarudi kwenye boti zao wakakimbia. Wakaondoka na Masanja awe ngao. Huyo ndiye msaliti wenu."

Msomaji, hapo ungedhani Kamanda kaisha. Ungedhani wananchi watamvua kofia na nyota zake. Hujui watu waliokwisha kula ahadi! Mtu aliyeahidiwa kuwa mwanawe atarudi na gari hataki kusikia habari za mlango.

Fulgensi alijua hilo. Alijifuta jasho, akatoa kicheko cha mzee anayemvumilia mtoto.

"Jamani, Wandamba wenzangu, Wapogoro, wote mliopo! Mwanamke melini anakaa jikoni. Leo mpishi anamfundisha kamanda vita!"

Wanaume wa mstari wa mbele wakaangua kicheko, wakagongana mikono. Mama yake Agnella, Rosemery, kitenge kipya kiunoni, alimwonyesha binti yake kiti.

"Kaa chini, Agnella. Unatuaibisha. Mdogo wako kapata bahati yake, mwache."

Na Evod mwenyewe, Evod aliyebebwa mgongoni na Agnella kuvuka madimbwi ya masika, alitoka kwenye mstari uso umemwiva.

"Dada, acha kutubania! Wewe umetoboa, unazunguka dunia. Sisi tubaki hapa tunapanda mpunga? Huu ndio mchongo wetu!"

Wenzake wakampigia makofi. Agnella alimtazama mdogo wake, akashusha kipaza sauti kidogo.

"Sawa, Evod. Sikubanii. Niambie tu, mtawalinda watu kwa silaha gani?"

"Silaha tunazo! Tumeshapewa!"

"Zilete tuzione."

"Hapana!" Fulgensi aliruka. "Silaha ni siri ya kijeshi!"

Lakini Evod alikuwa ameshachomoka. Kijana mpenda sifa hazuiliwi na siri. Alikimbia hadi kwenye Kosta iliyoegeshwa nyuma ya darasa, akafungua gunia lililokuwa chini ya viti, akarudi ameinua kitu cheusi, kirefu, juu ya kichwa kama mtu aliyeua simba.

Watu walirudi nyuma. Mama mmoja alimfunika mtoto wake.

Agnella hakurudi nyuma. Alikipokea kile kitu kwa mikono miwili, akakigonga kwa ukucha wa kidole.

Ko. Ko.

Akakwangua rangi kwa funguo zake. Chini ya rangi nyeusi ilitokea njano ya mbao. Mtiki mtupu, umechongwa kama bunduki na seremala wa hapahapa.

"Za mazoezi!" Fulgensi alipayuka. "Hizo ni za mazoezi! Za kweli ziko bandarini!"

"Kama ni za mazoezi, kwa nini zinasafiri? Mazoezi si mmeyamaliza?"

Kamanda aliivuta kofia yake chini.

Agnella aliwageukia wazazi. "Mpunga ukianza kukomaa, tukichoka kuamia ndege, huwa tunasimamisha nini shambani?"

"Sanamu," alijibu mzee mmoja, polepole, kama mtu anayeonja sumu.

"Sanamu. Tunaivika shati la baba, tunaipa na fimbo. Sasa kuna tajiri wa meli hataki gharama ya walinzi waliofundishwa. Anataka miili ya kusimama ukingoni mwa meli na miti mikononi, ili mwizi akitazama kwa darubini adhani pana askari. Fulgensi kampatia sanamu kumi zinazopumua. Lakini haramia si ndege kweleakwelea. Haramia ana bunduki. Akidhani na wewe unayo, risasi yake ya kwanza anampiga nani?"

Rosemery alikuwa amesimama bila kujua amesimama. Kitenge kilimteleza, hakukishika.

"Evod," alisema. "Vua hiyo fulana."

Evod hakuvua. Alikuwa anautazama ule mti mikononi mwa dada yake, na watoto wa shule waliokaa juu ya ukuta walikuwa wameanza kuimba: "Sa-na-mu! Sa-na-mu!"

Hapo ndipo kitu kisichotarajiwa kikatokea. Mama Masanja aliinuka.

Alitembea kutoka nyuma, kati ya viti, fimbo ya kuswagia ng'ombe mkononi, na watu wakampisha kwa aibu ambayo walipaswa kuiona mapema. Agnella alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Lakini macho ya yule mama yalikuwa kwa Fulgensi. Alisimama mbele yake. Alimfikia kifuani tu, hapo kwenye medali.

"Baba," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "mimi sijui mambo ya meli. Nauliza kama mzazi. Mwanangu yuko hai?"

Fulgensi alivua kofia. "Mama, pole sana. Masanja alikufa. Nilimwona kwa macho yangu akianguka. Nililia."

"Ulimwona?"

"Kwa macho yangu haya."

"Kupitia mlango wa chuma?" Agnella aliuliza.

"Na dakika hizi hizi si umesema aliwateremshia ngazi?" akadakia yule mzee wa mpunga. "Msaliti wako mwenyewe ndiye uliyemlilia?"

Msomaji, nimewahi kumwona mamba akitolewa kwenye maji ya Kilombero. Mtoni ni mfalme. Nchi kavu, akishazungukwa, anabaki tumbo na macho. Fulgensi alikuwa tumbo na macho. Midomo yake ilitafuta uongo wa tatu, ikaukosa.

Mama Masanja hakumpiga. Hakumtukana. Alinyoosha fimbo, akaipachika chini ya ile medali ya kwaya, akaitungua. Ikaanguka vumbini bila mlio wa maana.

"Vijana, garini!" Fulgensi alipiga kelele. "Safari ni sasa hivi! Asiyepanda asije kunililia!"

Uwanja ukavurugika. Viti vya plastiki vilipinduka. Akina mama waliwakamata watoto wao kwa shingo, kwa mikanda, kwa fulana. Mgeni rasmi alitoweka upande wa jikoni. Vijana wanne walibaki, wawili kati yao wakilia waziwazi. Wengine walirukia Kosta huku injini ikinguruma.

Evod alikuwa mlangoni mwa gari.

"Evod!" Agnella alimfikia, akamshika mkono. "Shuka. Hujasikia?"

"Nimesikia." Macho ya kijana yalikuwa mekundu. "Nimesikia wanavyoimba pia. Umenifanya kichekesho mbele ya mji mzima, dada. Kesho nitapita wapi? Bora nikafe baharini kuliko kubaki hapa naitwa sanamu."

"Nimekosea kukuaibisha. Kuaibika kunapona. Shuka."

Mkono wa Evod ulilegea kidogo ndani ya mkono wake. Kidogo tu. Agnella alihisi, akavuta.

Lakini kutoka ndani ya gari mkono mwingine, wenye kitambaa cheupe na vifungo vya dhahabu bandia, ulimnyaka Evod kwenye ukosi ukamtupa kwenye kiti. Fulgensi akaubamiza mlango. Kufunga mlango ndiyo kazi anayoijua.

"Fungua, mwoga wewe!" Agnella alipiga bodi ya gari kwa kiganja.

Kosta iliruka mbele, ikagonga meza ya soda, ikaingia barabarani na kushika uelekeo wa Sanje, uelekeo wa Mikumi, uelekeo wa Dar es Salaam. Kwenye kioo cha nyuma uso wa Evod ulibaki umegandama mpaka vumbi likaumeza.

"Pikipiki!" Agnella alipayuka. "Nani ana pikipiki? Tutawakatia njia Sanje!"

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameshaiwasha. Agnella alipandisha sketi, akaweka mguu.

Hapo sauti ya simu inayoita ikasikika. Haikutoka mfukoni mwa mtu. Ilitoka kwenye spika kubwa mbili za muziki, ikatetemesha uwanja mzima.

Omega, fundi wa muziki, alikuwa amesimama nyuma ya mashine zake anaitazama simu iliyochomekwa waya, kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kikapu.

"Ni ya Kamanda," alisema. "Alinipa nimpigie nyimbo zake. Kaisahau. Dada, namba yenyewe si ya hapa. Inaanza na mambo ya ajabu."

Agnella aliiacha pikipiki, akasogea akaisoma namba ile. Tarakimu za mwanzo alizifahamu. Alikuwa ameziona mara nyingi kwenye matangazo ya tahadhari wanayotumiwa mabaharia. Ilikuwa simu ya mtambo wa setilaiti, ile inayotumika mahali pasipo na mnara.

"Pokea," alisema. "Na mtu yeyote asitoe sauti. Hata kikohozi."

Omega alibonyeza.

Kwanza ulikuja upepo. Kisha sauti ya mwanamume, imechoka, imekauka, inayotamka maneno ya Kiswahili kwa uzito wa mtu aliyelelewa na Kisukuma.

"Kamanda. Wanauliza. Meli ya wale vijana wa mbao inang'oa nanga lini, na itapita wapi. Wamesema ukichelewa tena kuwaambia, mapatano yamevunjika."

Ile sauti ilikuwa imemwita Agnella kwa jina kupitia mlango wa chuma. Angeijua hata kwenye kishindo cha dhoruba.

Masanja alikuwa hai. Maharamia walimgeuza mkalimani wao.

Na Fulgensi! Agnella alikuwa amemdharau mwaka mzima kwa kosa dogo kuliko alilolitenda. Alimdhani mwoga. Kumbe mwoga ni cheo ambacho Fulgensi hakustahili. Alikuwa ameiuza meli kabla haijaondoka bandarini: ulinzi wa miti, njia inajulikana, na juu yake watoto wa Lumemo na Idete, na Evod, waliopangwa ukingoni ili wawe wa kwanza kuanguka.

Upesi akili yake ikaanza kufanya kazi. Ajibu vipi? Sauti ya kike itamponza Masanja. Alimwashiria yule mzee wa mpunga asogee, akamnong'oneza sikioni ajifanye Kamanda, aseme siku yoyote, njia yoyote ya uongo. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akakohoa kulainisha koo, akafungua mdomo.

Hakuwahi.

"Ng'wanawane!"

Mama Masanja alikuwa ameikumbatia spika kwa mikono miwili, shavu lake limegandamana na kitambaa cheusi, akimwita mwanawe kwa Kisukuma kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya mto.

"Ng'wanawane, Masanja!"

Upepo ukavuma kwenye simu.

"Mayu?" ilisema ile sauti. Ilikuwa imegeuka sauti ya mtoto anayemwita mama.

Kisha kikasikika kishindo, kama mtu amenyang'anywa kitu kwa nguvu. Sauti nyingine, ngeni, kali, ikaingia kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika.

"Nani huyo? Kamanda yuko wapi?"

Na kwenye spika za Omega, Lumemo nzima ikasikia bunduki ikikokiwa.